Kabla Chama Chako Kihamie Programu Nyingine ya Meseji, Soma Hii

Oktoba ni mwezi ambao simu hazitulii Kiptere. Bonasi ya majani chai ikiingia, kila mtu ana kitu cha kulipa: karo, deni la duka, mabati ya nyumba, na bila shaka mchango wa chama. Matapeli pia wanaijua kalenda hii vizuri, pengine kutushinda sisi.

Shangazi yangu, au senge kama tunavyosema kwetu, ni mweka hazina wa chama cha akina mama 22 hapo Kiptere. Siku moja ya wiki ya bonasi alikuwa shambani akichuma majani chai, meseji ya WhatsApp ikaingia kutoka kwa mwanachama mwenzake: "Senge, nimetuma nambari ya tarakimu 6 kwa simu yako kimakosa. Tafadhali nirudishie haraka." Alipoangalia, kweli kulikuwa na SMS yenye nambari sita. Akaituma. Mbona asitume? Huyo ni mtu wanayeketi naye benchi moja kanisani.

Dakika chache baadaye WhatsApp yake ikamtoa. Kwenye kikundi cha chama, kwa jina lake na picha yake, ikatokea meseji: "Habari zenu akina mama. Laini ya chama ina shida leo. Michango yote itumwe kwa nambari hii." Wanne wakatuma, shilingi 3,500 kila mmoja.

Wa tano alikuwa mwalimu mstaafu, na yeye akasita. Shangazi yangu huwa haandiki meseji ndefu za Kiswahili sanifu kwenye kikundi. Yeye hurekodi sauti, kwa Kipsigis, anaanza na "Chamgei", na mara nyingi unasikia ng'ombe wakilia nyuma yake. Mwalimu akampigia simu ya kawaida. Hapo ndipo mambo yalipojulikana, lakini shilingi 14,000 zilikuwa zishaenda na kutolewa.

Jioni hiyo wanachama wakaamua ni lazima wahame WhatsApp. Binti wa mmoja wao anayesoma chuo kikuu akasema Signal. Kijana wa mwingine, wa bodaboda, akasema Telegram. Shangazi akanipigia: "Wewe unafanya kazi na watu wa pesa za simu. Twende wapi?"

Nilimjibu haraka haraka: wekeni Signal. Wiki mbili baadaye wanachama saba tu ndio walikuwa wamehamia. Wengine walibaki WhatsApp, na hakuna aliyejua tangazo la kikundi kipi ndilo la kweli. Yaani nilikuwa nimewaongezea shida. Haya ndiyo majibu ambayo ningepaswa kumpa.

Kwanza, nini hasa kiliibwa?

Tangu Aprili 2016, meseji zote za WhatsApp hufungwa kuanzia simu ya anayetuma hadi simu ya anayepokea. Hapo katikati hakuna anayeweza kuzisoma, hata kampuni yenyewe. Ulinzi huu ulikuwa unafanya kazi siku ile Kiptere, na haukuvunjwa.

Tapeli alipitia mlango mwingine. Akaunti yako ya WhatsApp imeshikana na nambari yako ya simu. Mtu akiandika nambari yako kwenye simu yake, WhatsApp hutuma nambari ya uthibitisho ya tarakimu 6 kwa laini yako ili kujua kama ni wewe. Ukimpa tarakimu hizo, umemwambia WhatsApp kwamba yeye ndiye wewe. Meseji zako za zamani hazioni, kwa sababu ziko kwenye simu yako, lakini anaingia kwenye vikundi vyako akiwa na jina lako. Na yule mwanachama aliyemwandikia shangazi? Naye alikuwa ameshanyang'anywa akaunti yake asubuhi hiyo kwa njia iyo hiyo.

Kwa hivyo unapochagua programu, usiishie kuuliza kama meseji zimefungwa. Uliza maswali haya manne.

1. Je, ulinzi umewashwa kwa kila mtu, kila wakati?

WhatsApp na Signal hufunga meseji zote zenyewe, za watu wawili na za vikundi. Huhitaji kubonyeza chochote.

Telegram ni tofauti, na wengi hawajui. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram huhifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni na hayafungwi kutoka mwisho hadi mwisho. Kuna mazungumzo ya siri ambayo hufungwa hivyo, lakini lazima uyaanzishe mwenyewe, na ni ya watu wawili tu. Kikundi cha chama hakiwezi kuyatumia. Telegram ni nzuri kwa kufuata habari na matangazo. Kwa hesabu za chama, si chaguo la kwanza.

SMS ya kawaida haina ulinzi wa aina hii kabisa. Usitume PIN wala picha ya kitambulisho kwa njia ambayo ungeona aibu au hofu mtu mwingine akiisoma.

2. Kampuni inajua nini kukuhusu?

Hata meseji zikifungwa, kampuni inaweza kujua unaongea na nani, saa ngapi, na uko kwenye vikundi gani. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014, na leo iko chini ya Meta. Januari 2021 ilipotangaza masharti mapya ya faragha, watu wengi duniani walikimbilia Signal na Telegram.

Signal inaendeshwa na shirika lisilo la faida na haiuzi matangazo. Mwaka 2016 ilidaiwa taarifa za watumiaji kwa amri ya kisheria huko Marekani. Ilichoweza kutoa ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa, basi. Tangu 2024 unaweza pia kutumia jina la mtumiaji ili mtu asiione nambari yako ya simu. Kama unafanya biashara na watu usiowajua, hilo ni jambo zuri, maana nambari yako ya simu ndiyo pia akaunti yako ya pesa.

Kwa faragha peke yake, Signal inaongoza. Hapo sikumdanganya shangazi.

3. Je, unaweza kuongeza PIN juu ya ile nambari ya SMS?

Hili ndilo swali lingeokoa zile 14,000. WhatsApp ina uthibitishaji wa hatua mbili: unachagua PIN yako ya tarakimu 6, na mtu akijaribu kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine, ataulizwa PIN hiyo hata kama ameshapata nambari ya SMS. Signal ina PIN na kufuli la usajili. Telegram ina nenosiri la ziada.

Zote tatu zinayo, lakini watu wengi hawajaiwasha. Shangazi yangu hakuwa ameiwasha. Nikiri tu, hata mimi nilikuwa sijaiwasha mpaka jioni ile.

4. Wenzako wote watafika huko?

Hapa ndipo nilipokosea. Programu ni salama kwa chama ikiwa wanachama wote wako ndani yake na wanaielewa. Angalia mambo haya kabla ya kuhama:

- Bando. Wengi hununua bando ya WhatsApp pekee kwa sababu ni ya bei nafuu. Bando hiyo haifungui Signal. Mwanachama asiye na bando ya kawaida atapata tangazo kesho kutwa.
- Simu. Katika kila chama kuna mwenye kabambe. Yeye hatakuwa kwenye kikundi chochote, na anahitaji kulindwa pia.
- Kupatikana. Mwaka 2024, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza Telegram izimwe wakati wa mtihani wa KCSE. Kama hesabu zenu zote ziko huko, wiki hiyo mmekwama.
- Vikundi viwili. Mkigawanyika nusu huku nusu kule, tapeli anahitaji tu kusema "tangazo lilitolewa kule kwingine".

Tukiwa hapo, jihadharini na zile WhatsApp za kutengenezwa mitaani kama GB WhatsApp, ambazo watu hutumiana kwa linki. Hazitoki kwa WhatsApp yenyewe, hujui aliyezitengeneza ameweka nini ndani, na akaunti yako inaweza kufungiwa. Pakua programu kutoka duka rasmi la simu yako tu.

Dakika tano za kujilinda leo

Kama unatumia WhatsApp, ingia kwenye mipangilio ufanye haya:

1. Fungua Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu 6 na barua pepe yako. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, na isifanane na PIN ya pesa zako.
2. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoijua, iondoe. Mtu akishika simu yako sekunde chache tu anaweza kuunganisha kifaa chake na kusoma meseji zako bila kukutoa.
3. Kwenye sehemu ya faragha, chagua ni nani anayeweza kukuongeza kwenye vikundi. Weka watu unaowajua.
4. Angalia nakala rudufu. Meseji zikihifadhiwa kwenye akaunti yako ya Google bila kufungwa, ulinzi wa WhatsApp hauzifikii huko. Tangu 2021 unaweza kuzifunga kwa nenosiri.
5. Ukilazimika kutuma picha ya kitambulisho, tumia picha ya kuonekana mara moja, au washa meseji za kupotea. Picha ya kitambulisho isikae miaka mitatu kwenye simu ya mtu mwingine.

Na laini yako pia ilinde. Mteja wa Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isibadilishwe kiholela na wakala.

Sheria moja inayoshinda programu zote

Programu yoyote inaweza kutekwa siku ambayo mtu mmoja amechoka, ana haraka, au yuko shambani mikono ikiwa na maji. Kwa hivyo kila chama kiwe na sheria hii: nambari ya kutuma pesa haibadilishwi kwa meseji.

Nambari ya chama iandikwe kwenye daftari, na kila mwanachama awe nayo kwake nyumbani. Ikibidi ibadilike, ibadilishwe kwenye mkutano, ana kwa ana. Tangazo lolote la haraka likija, watu wawili wampigie mweka hazina simu ya kawaida kwa nambari wanayoijua, na wasikie sauti yake. Hii inafanya kazi hata kwa mwenye kabambe. Na kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu yako. Wale akina mama wanne waliona jina geni. Walidhani ni la mtoto wa shangazi.

Na kama umeshatekwa?

Usikae ukilia, dakika ni pesa.

- Fungua WhatsApp upya kwa nambari yako na uingize nambari mpya ya SMS. Tapeli atatolewa mara moja. Kama alikuwa ameshaweka PIN yake ya hatua mbili, utasubiri siku 7 ili uingie, lakini yeye naye atakuwa nje.
- Wapigie watu simu. Usitegemee kikundi ambacho tapeli yumo.
- Aliyetuma pesa kwa M-Pesa atume meseji ya muamala huo kwa 456 kuomba irudishwe. Kadiri anavyowahi ndivyo uwezekano wa kuikuta pesa kabla haijatolewa unavyoongezeka.
- Mteja wa Safaricom atume nambari ya tapeli kwa 333, bila malipo. Kisha nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB.

Sisi pia tuseme wazi: hatutakupigia wala kukuandikia kukuuliza PIN au nambari ya uthibitisho. Anayefanya hivyo si sisi, hata akijua jina lako lote.

Walichochagua Kiptere

Chama cha shangazi kilirudi WhatsApp, kikundi kimoja, watu wote. Mkutano uliofuata ulifanyika baada ya ibada, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya kuonyesha kwamba PIN ya hatua mbili imewashwa. Mwalimu mstaafu alipita benchi kwa benchi akikagua kama anasahihisha madaftari. Maafisa watatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanatumia Signal kwa nakala za vitambulisho na hesabu. Nambari ya chama iko kwenye daftari, na shangazi bado anarekodi sauti, ng'ombe nyuma yake.

Zile 14,000 hazikurudi. Wanachama wote 22 walichanga kidogo kidogo kuwafidia wale wanne, na hilo halikuandikwa kwenye katiba yoyote ya chama.

Leo jioni, kabla hujalala, washa PIN ya hatua mbili. Kisha mpigie mweka hazina wa chama chako umuulize kama yeye ameiwasha.