Zamu ya Antena Juu ya Unyanyembe

NuSTAR, darubini ya eksirei iliyorushwa Juni 2012, huzunguka dunia karibu na ikweta, haivuki nyuzi 6 kaskazini wala kusini. Kwihara, kijiji cha Unyanyembe karibu na Tabora, iko nyuzi 5 kusini. Kwa hiyo darubini hiyo hupita mara kwa mara katika anga ya Unyanyembe, kimo cha kilomita 600 hivi, ikielekea mashariki. Ikifika juu ya Tabora, kituo cha Waitalia huko Ngomeni, Malindi, tayari kinaweza kuisikia. Mpito mzima hauzidi robo saa. Ikikosa nafasi, ingoje saa moja na dakika arobaini hivi. Na haiko peke yake: Swift, darubini ya kuwinda milipuko ya miale ya gamma iliyorushwa Novemba 2004, nayo hushusha data zake Malindi.

Zamani vyombo vya mizunguko ya chini viliishi hivyo. Kituo cha Tunguu, Unguja, kilimsikiliza mwanaanga John Glenn Februari 1962 kwa dakika chache tu, kisha akapokewa na kituo kingine. Mwaka 1983 Marekani ilianza kurusha setilaiti za TDRSS, za kupokezana mawasiliano ya vyombo vingine, kimo cha kilomita 36,000 hivi. Kutoka huko, moja humwona msafiri wa chini kwa nusu ya mzunguko wake au zaidi.

Foleni haikuisha, ilihamia juu. Kila setilaiti ina antena kubwa mbili za kugeuzwa, na antena moja huhudumia chombo kimoja kwa wakati mmoja. Maombi hupelekwa mapema. Wanaanga, urushaji na dharura hutangulia. Anayeomba dakika 20 wakati wowote kati ya saa nne na saa saba hupata nafasi upesi kuliko anayeng'ang'ania saa tano kamili. Kwangu mimi, ulegevu huo una thamani zaidi kuliko antena ya ziada.

Ila mlipuko wa miale ya gamma haupangiwi saa. Mzigo mzito wa data unaweza kusubiri, kama msafiri David Livingstone alivyosubiri Kwihara tangu Machi hadi Agosti 1872, akiwangoja wapagazi waliotumwa na mwandishi Henry Stanley kutoka pwani. Taarifa fupi ya mahali mlipuko ulipotokea haisubiri. Swift huituma kupitia antena ndogo za TDRSS zinazosikiliza vyombo vingi kwa pamoja bila kuwekewa nafasi, na darubini za ardhini hugeuzwa mara moja. Data nzito hushushwa baadaye, Malindi.

Tangu Novemba 2024 TDRSS haipokei misheni mpya. Misheni hizo zinatakiwa kukodi huduma za makampuni. Mikataba ya kukodi ndiyo itakayoamua kama njia ya dharura itaachwa wazi, na kwa gharama ya nani.