Lango la Dipylon: Mahali Maneno Yalipokabidhiwa Kumbukumbu

Wageni wengi wafikao Athens, mji mkuu wa Ugiriki, huvutiwa kwanza na kilima cha Akropoli. Hata hivyo, kaskazini-magharibi ya kilima hicho kuna bonde la Kerameikos, yalimo mabaki ya Dipylon, lango kuu la mji wa kale. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba lango hilo na viunga vyake ni hazina kwa mwanafunzi wa lugha, kwani hapo Wagiriki waliyakabidhi maneno kazi ya kuwahifadhi wafu wao.

Neno Dipylon lina maana ya milango miwili. Lango lenyewe lilikuwa na ua mrefu uliozungukwa na kuta na minara, hivi kwamba adui aliyethubutu kuingia uani alishambuliwa kutoka juu, pande zote. Hatua chache kutoka hapo liko Lango Takatifu, ulikopita mto Eridanos pamoja na njia ya mahujaji waliokwenda Eleusis. Kati ya malango hayo mawili palikuwa na jengo la Pompeion, ambamo maandamano ya sherehe ya mungu Athena yaliandaliwa.

Historia ya ukuta ulioshikamana na malango haya ni ya kustaajabisha. Waajemi waliuteketeza mji mwaka wa 480 KK. Walipoondoka, wenyeji, chini ya uongozi wa Themistokles, waliujenga ukuta upya kwa haraka kuu. Mwanahistoria Thukidides anaeleza kwamba hata mawe ya makaburi yalitumiwa, na wachimbuzi wa mambo ya kale wameyakuta mawe hayo ukutani. Hivyo basi, kilichochongwa kwa heshima ya wafu kikawa ngao ya walio hai.

Kerameikos lilikuwa eneo la wafinyanzi. Mwaka wa 1871, karibu na lango, kilipatikana chombo cha udongo cha miaka ya 740 KK hivi, chenye mojawapo ya maandishi ya kale zaidi ya alfabeti ya Kigiriki yanayojulikana. Ifahamike kwamba maandishi hayo yanaanza kwa mshororo wa ushairi, unaohusu tuzo ya mchezaji ngoma hodari. Msomi wa Kiswahili hatakosa kukumbuka kwamba miongoni mwa hati kongwe za lugha yetu zilizobakia ni Utendi wa Tambuka, wa mwaka wa 1728. Katika lugha zote mbili, ushairi umo katika maandishi ya mwanzo yaliyotufikia.

Nje ya lango, makaburi yalipangwa kandokando ya barabara ili kila mpitanjia ayasome. Jiwe la Dexileos, askari wa farasi aliyeuawa vitani mwaka wa 394 KK, linataja mwaka wake wa kuzaliwa na wa kufa; yamkini alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Mashujaa wa vita nao walizikwa kwa gharama ya dola kando ya njia iliyoelekea Akademia, mahali ambapo Plato alianzisha shule yake baadaye. Hapo ndipo Perikles alipowahutubia waombolezaji katika majira ya baridi ya mwaka wa 431 KK. Hotuba hiyo imetufikia kupitia kwa Thukidides, ambaye mwenyewe anakiri kwamba ilikuwa vigumu kukumbuka hotuba neno kwa neno.

Mwaka uliofuata, tauni iliukumba mji, na Perikles akafariki mwaka wa 429 KK. Katika miaka ya 1990, ujenzi wa reli ya chini ya ardhi ulifichua kaburi la halaiki karibu na Kerameikos, linalohusishwa na tauni hiyo. Maiti zilikuwa zimerundikwa bila jiwe wala jina. Wataalamu waliunda upya sura ya msichana mmoja wa umri wa miaka 11 hivi kutokana na fuvu lake, wakamwita Myrtis.

Dexileos anaitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake, kwa kuwa liliandikwa. Myrtis alilazimika kungoja zaidi ya miaka 2,400 ili wageni wambunie jina.