Mikono inayoponya isilete ugonjwa

Familia nyingi za Singida zina mgonjwa anayehitaji tiba ya viungo, yaani fiziotherapia: mzee aliyepooza kwa kiharusi, kijana aliyevunjika mguu katika ajali ya pikipiki, mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Tiba hii hufanywa kwa mikono. Mtaalamu hushika, hukanda, hunyoosha, kisha humpokea mgonjwa mwingine juu ya kitanda kile kile. Hapo vijidudu hupata njia.

Mwaka 1847, mjini Vienna, Daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza wenzake wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Vifo vya akina mama wazazi vilipungua sana. Somo hilo halijazeeka.

Mtaalamu mwangalifu hufanya hivi:

1. Kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa, hunawa kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, au hujipaka dawa ya mikono yenye alkoholi kwa sekunde 20 hadi 30.

2. Hupangusa kitanda, mkeka na mipira ya mazoezi kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya mgonjwa mwingine.

3. Hachovyi vidole katika kopo la mafuta ya kukandia. Huchota kwa kijiko safi.

4. Palipo na donda huvaa glovu, na akizivua hunawa tena.

5. Mgonjwa akikohoa, hufungua madirisha, kwa kuwa kifua kikuu huenea kwa hewa. Upepo wetu wa Singida, tunaoulaumu kwa vumbi, hapa ni rafiki.

Kunyoosha viungo huendelea nyumbani kila siku, mikononi mwa mama, mke au mjukuu. Basi kanuni hizi ni zetu pia. Maji yakiwa haba, kibuyu chirizi na kipande cha sabuni vinatosha. Tukate kucha, mgonjwa awe na taulo lake, wala tusikande juu ya kidonda. Tukiona wekundu, joto, usaha au homa, tumrudishe hospitali mapema.

Je, mtaalamu akisahau kunawa? Tusinyamaze kwa kuona haya. Tumwambie kwa heshima: "Samahani daktari, tunaomba unawe kwanza." Si utovu wa adabu. Ni kumlinda mgonjwa wetu, yeye mwenyewe, na yule anayesubiri nje kwenye benchi.