Fikra za Kurithi na Hesabu za Wasichana

Upo usemi unaosikika majumbani, vijiweni na hata madarasani kwamba hesabu ni somo la wanaume. Wengi huuchukulia kuwa mzaha. Huo si mzaha. Ni fikra ya kurithi, nayo ina kazi yake katika jamii: kuhalalisha unyonge wa mwanamke.

Tuanze na hali halisi. Majimoto, mkoani Katavi, ni nchi ya mpunga. Mwanamke anayeuza mpunga hugeuza madebe kuwa magunia, hutoa gharama za usafiri na za mashine ya kukoboa, kisha hukokotoa kinachobaki, yote kichwani. Akiletewa lumbesa hujua ni debe ngapi anaibiwa. Hizo ni hesabu. Lakini binti yake akishindwa mtihani, huambiwa kwamba ndiyo maumbile ya kike. Je, akili ya mama imepotelea wapi?

Utafiti wa SACMEQ uliwapima wanafunzi wa darasa la sita katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, mwaka 2000 na tena 2007. Tanzania Bara, wavulana waliwapita wasichana katika hisabati. Shelisheli, wasichana ndio waliowapita wavulana. Kama sababu ingekuwa maumbile, matokeo yangefanana kila mahali. Kinachotofautiana ni jamii.

Fikra hii hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza, katika mgawanyo wa kazi. Binti akitoka shule hushika ndoo, kuni na mtoto. Kaka yake hushika daftari. Nayo hesabu ni somo la mazoezi: asiye na muda wa kufanya mazoezi hawezi kulimudu.

Pili, katika hofu. Mwaka 1999 watafiti Spencer, Steele na Quinn walichapisha majaribio yaliyofanywa Marekani. Wanawake walioambiwa kwamba mtihani huo wa hisabati hutofautisha wanaume na wanawake walifanya vibaya. Walioambiwa hautofautishi walilingana na wanaume. Mwenye kuogopa kuthibitisha dharau hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kutafuta jibu na kupambana na wasiwasi.

Hata hivyo, majaribio mengine ya baadaye hayakuona athari hiyo, au yaliiona kuwa ndogo. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba maneno ya kutia moyo yanatosha. Kaulimbiu haichoti maji. Mzizi umo katika kazi na muda.

Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, alikuwa Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa hisabati. Hakuwa muujiza, alipata nafasi.

Wajibu wetu ni wazi. Wazazi wagawe kazi za nyumbani sawa kwa sawa. Walimu wawaite wasichana ubaoni, si kwenye ufagio tu. Kijiji ambacho nusu ya watu wake wameaminishwa kwamba hawawezi kuhesabu kitaendelea kuhesabiwa na walanguzi.