Askofu ni Nani kwa Mwamini wa Bukene?

Waamini wengi vijijini humwona Askofu siku ya Kipaimara tu: ngoma, vigelegele, picha, kisha msafara unaondoka. Ndiyo maana wapo wanaomdhania kuwa mkubwa wa mapadre aliyekuja kukagua kazi. Tuitazame huduma yake tukianzia Bukene, wilayani Nzega.

Mtoto akibatizwa Bukene, Padre humpaka Krisma. Mafuta hayo huwekwa wakfu na Askofu katika Misa ya Krisma, Alhamisi Kuu au siku iliyo karibu na Pasaka, akizungukwa na mapadre wake. Tena, katika kila Sala ya Ekaristi, Askofu hutajwa baada ya Baba Mtakatifu. Hivyo, hata asipokuwepo, yupo. Padre hafanyi kazi kwa jina lake mwenyewe, na kigango si kisiwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium (1964), unafundisha kwamba Maaskofu ni waandamizi wa Mitume na wanapokea utimilifu wa Daraja Takatifu, ili wafundishe, watakatifuze na kuongoza. Ukardinali si daraja la nne. Askofu Mkuu wetu wa Tabora, Protase Rugambwa, alifanywa Kardinali Septemba 2023, lakini Daraja yake ni ileile ya uaskofu. Wala Askofu Mkuu haendeshi majimbo ya Kahama na Kigoma. Kila moja lina mchungaji wake.

Ndugu zetu Wamoraviani, wenye historia ndefu mkoani Tabora, nao wana Askofu. Kwao yeye ni mchungaji wa kiroho, na uendeshaji wa jimbo husimamiwa na mwenyekiti na halmashauri. Kwetu kazi hizo mbili ziko mikononi mwa mtu mmoja, kwa hiyo Sheria ya Kanisa inambana. Lazima atolee Misa kwa nia ya watu wake kila Dominika (kanuni 388). Lazima azuru jimbo kila mwaka, lote au sehemu, ili kila miaka 5 angalau awe amelifikia lote (kanuni 396). Akitimiza miaka 75 anaombwa kumwandikia Papa barua ya kung'atuka (kanuni 401).

Basi, ziara ya Askofu si hisani. Ni wajibu wake kwetu. Nasi tuna wajibu: tusiishie kupamba njia. Tumweleze juu ya mgonjwa asiyefikiwa, katekista aliyechoka, ndoa isiyobarikiwa. Mchungaji huonyeshwa pia kondoo anayechechemea.