3/8 Haiingii, 1/2 Inacheza: Hivi Ndio Unapata Spana ya Katikati

Makongeni ni mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli, so spana si kitu ngeni huku. Lakini ka umeanza kazi gereji juzi, kuna siku hii lazima ikupate: umejaribu spana ya inchi 3/8, haiingii. Umeweka 1/2, inacheza kwa nati. Mdosi anakuangalia. Unachukua gani?

Usilazimishe hiyo 1/2. Kona za nati zitaisha, na nati ikishakuwa duara, kuitoa ni noma. Hiyo hasara inaweza katwa kwa doo yako ya siku.

Piga hesabu. Nambari za chini zikiwa tofauti huwezi linganisha, so zifanye ziwe sawa. 1/2 ni sawa na 4/8. Sasa uko na 3/8 na 4/8. Unaona ni kama hakuna kitu katikati, ama? Tulia. Zidisha juu na chini mara mbili: 6/16 na 8/16. Katikati ya 6 na 8 ni 7. Spana yako ni 7/16. Imeisha hiyo.

Hapa ndio wengi huchomeka: wanaona 7 na 16 ni nambari kubwa, wanadhani 7/16 inashinda 1/2. Zi. Kuhakikisha, zidisha kwa msalaba. 7 mara 2 ni 14. 1 mara 16 ni 16. 14 ni ndogo, so 7/16 ni ndogo kuliko 1/2. Fanya hivyo na 3/8 pia: 3 mara 16 ni 48, 7 mara 8 ni 56. 7/16 imeshinda. Iko katikati kabisa.

Kuna njia ya mkato: jumlisha za juu, jumlisha za chini. 3 na 1 ni 4, 8 na 2 ni 10. Unapata 4/10, yaani 2/5, na hiyo pia iko katikati. Kwa mtihani, uko sawa. Kwa gereji, hakuna mtu atakupea spana ya 2/5, juu spana za inchi hufuata nusu ya nusu: 2, 4, 8, 16, 32.

Na usidhani 7/16 iko pekee yake hapo. Ukizidisha tena unapata 13/32, 14/32 na 15/32. Hiyo 14/32 ni 7/16 yetu tu, imevaa nguo ingine. Endelea kuzidisha, hazitawahi isha.

Ka boksi iko na spana za milimita pekee, zidisha inchi na 25.4. 7/16 inakuja kama 11.1. Spana ya 11 inaweza kataa kuingia, ya 12 itacheza. Azima ya inchi kwa jirani, msee. Okoa nati, okoa doo yako.