Filamu moja, masoko mengi: somo kwa wauza ving'amuzi wa Njombe na Makambako

MFANYABIASHARA wa Makambako anayepanga boksi za ving'amuzi kwenye rafu anaamini kwamba anauza chombo. Kampuni iliyomletea boksi hizo inajua kuwa biashara yake ni nyingine: inauza malipo ya kila mwezi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani apate faida na nani abaki na mzigo.

Mfano mzuri wa biashara hii ni historia ya Discovery Channel, chaneli ya filamu za wanyama, sayansi na mambo mengine ya kweli. Ilianzishwa Marekani na John Hendricks na kuanza kurusha matangazo tarehe 17 Juni 1985, ikiwa na nyumba 156,000 tu zilizoipokea. Mwaka 1989 iliingia Uingereza na Ulaya. Mwaka 1994 ikafungua chaneli za Asia na za Amerika ya Kusini. Mwaka 1996 ikazaa chaneli ya wanyama peke yao, Animal Planet. Aprili 2022 kampuni yake iliungana na WarnerMedia na kuwa Warner Bros. Discovery.

Kwa nini ilikimbilia kufungua chaneli za kikanda? Jibu liko kwenye hesabu. Gharama kubwa ya filamu ya tembo ni kuitengeneza au kuinunua. Ikishakuwa tayari, kuipeleka soko jipya kunahitaji tafsiri, nafasi kwenye setilaiti na ofisi ya kuuza matangazo. Filamu ile ile iliyolipiwa mara moja inaingiza fedha Ulaya, kisha Asia, kisha kwingineko, na bado inabaki mali ya mwenyewe.

Mkulima wa viazi wa Njombe hana bahati hiyo. Gunia likishapakiwa kwenye lori kuelekea Dar es Salaam, hata liwe lumbesa, limeuzwa mara moja na limekwisha. Akitaka fedha nyingine, sharti alime tena.

Kwa upande wa Afrika, Discovery ilifika kwa watazamaji kupitia DStv, huduma ya MultiChoice iliyoanza mwaka 1995. Kipindi hicho Tanzania Bara ilikuwa ndiyo kwanza inaonja televisheni. Zanzibar ilikuwa na TVZ tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi Sheria ya Utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka uliofuata ITV ikaanza. Televisheni ya Taifa ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hivyo mnyororo wa biashara hii una viungo vitano: mtengeneza filamu, mwenye chaneli, mwenye kubeba matangazo, wakala wa mjini na mtazamaji. Mwenye chaneli analipwa na mbebaji pamoja na watangazaji wa bidhaa. Mbebaji analipwa na mtazamaji kila mwezi. Wakala hulipwa mara moja tu, siku king'amuzi kinapotoka dukani, isipokuwa kama mkataba wake unampa kamisheni ya malipo yanayofuata.

Mabadiliko ya kutoka analojia kwenda dijitali yalifanya jambo hili lionekane wazi. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu, Mbeya ikiwa tarehe 30 Aprili 2013. Tanzania iliutangulia ukomo wa kimataifa wa 17 Juni 2015. Ghafla kila mwenye televisheni ya chogo alihitaji king'amuzi, na wenye maduka waliona neema.

Mjomba wangu mmoja alikuwa na duka la vifaa vya umeme jirani na stendi ya Makambako. Mwaka 2013 alichukua mkopo, akanunua ving'amuzi kwa fedha taslimu, akahesabu faida kabla ya kuuza. Miezi michache baadaye kampuni ikatangaza ofa: bei ya rejareja ikawa chini ya ile aliyonunulia yeye. Wateja walikuja dukani wakiwa wameshika tangazo. Aliuza kwa hasara, na mkopo ukalipwa kwa shamba la miti lililovunwa kabla ya wakati wake.

Kampuni haikukosea hesabu. Inaweza kuuza chombo kwa hasara kwa sababu itazirudisha fedha zake kwenye vifurushi. Mwenye duka hana kifurushi cha kumrudishia.

Hata hivyo, si busara kuikimbia biashara hii. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyokamilika mwaka 2018, imepanua soko la televisheni kusini. Kinachotakiwa ni kuingia kwa akili. Kwanza, chukua mzigo mdogo au wa mali kauli, usifunge mtaji wako wote kwenye boksi. Pili, kabla ya kusaini, uliza kamisheni ya malipo ya kila mwezi ni kiasi gani na inadumu kwa muda gani. Tatu, kumbuka kuwa mteja wa huku ana mapato ya msimu: fedha ya viazi ikiisha, kifurushi nacho hukatika. Nne, ufundi wa kufunga na kurekebisha madishi haushuki bei kwa tangazo la mtu wa mbali.

Liko pia swali kubwa zaidi kwa wawekezaji. Desemba 2018 TBC ilizindua Tanzania Safari Channel, chaneli ya kutangaza utalii wa nchi. Mkoa wa Njombe nao una Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo kwa maua yake wengi huiita Bustani ya Mungu. Maua hayo huchanua msimu wa mvua, na kamera ikiyapata siku moja yanaweza kuuzwa kwa miaka.

Vijana wachache wa Makete au Njombe mjini wakiunganisha mitaji, wakafuata vibali vya hifadhi na kutunza haki miliki ya picha zao, watakuwa wamesimama kwenye kiungo cha kwanza cha mnyororo badala ya cha nne. Soko si rahisi na mnunuzi hana haraka. Lakini ni heri kumiliki filamu moja inayouzwa mara kumi kuliko boksi kumi zinazosubiri ofa ya mtu mwingine.